Ndege ya Mama Mkwe

Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa duniani na mikono ya mama mkwe wa fundi fotokopi. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti inayoweza kuuamrisha mlango ukafunguka wenyewe. Hata yule mwanamume mwenye ndevu aliyekuja kusoma mita za maji alimwamkia kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba alionekana na huyu mama kabla hajavaa nguo yoyote. Alipostaafu, watu walidhani atafuga kuku, au atapata muda wa kuingilia ndoa za watoto wake. Wapi. Alianza kurusha ndege.

Alizirushia sebuleni. Kitinda mimba wake alikuwa amepata nafasi ya kusoma mbali, akaacha chumbani kompyuta yake ya michezo: kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, na ndani yake kadi mbili za picha zimelala moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni, kila moja na feni zake na taa zake za buluu. Kompyuta nyingi huchora picha zake kwa kadi moja tu, na nyingine hazina hata hiyo. Ya kijana huyu ilikuwa na mbili zinazosaidiana, naye aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya binadamu. Alimwomba mama yake jambo moja: awe anaiwasha mara moja moja isije ikaingia unyevu. Mama akaiwasha, akakuta mchezo wa ndege, akauingia kama mtu aliyeingia dukani kuuliza bei ya kijiko akatoka na kabati.

Baada ya hapo hakushikika. Alihamishia mashine sebuleni, akanunua usukani wa ndege wa kuchomeka, akaweka mto kwenye kiti ili aone vizuri. Wajukuu wakambatiza jina la Rubani. Ukimpigia simu mchana, unajibiwa, "Nipigie baadaye, niko angani."

Fundi fotokopi, mume wa binti yake mkubwa, alikuwa mtu mrefu na mpole, mwenye wino usiotoka kwenye kucha. Alizunguka maofisini kutengeneza mashine za fotokopi, na mashine zilimtii. Watu ndio waliompa taabu, mama mkwe kuliko wote. Si kwamba walikosana, la. Alimheshimu mno, hata heshima ikawa kama kikohozi: kila akitaka kusema, inamkaba. Tangu aoe, mazungumzo yao marefu kuliko yote yalihusu mvua, na hata hayo alikubaliana naye kwamba itanyesha, kisha akakubaliana naye tena kwamba haitanyesha.

Kwa hiyo mkewe alipotoka kuongea na mama yake kwenye simu akicheka, fundi alijua hakuna salama.

"Mama anakuita," mkewe alisema. "Ndege yake inaanguka."

"Inaanguka vipi?"

"Anasema akikaribia kutua tu, kompyuta inazima. Pu! Kisha inajiwasha yenyewe, inapiga muziki kama vile haikuua mtu."

"Mimi ni fundi wa fotokopi, mke wangu."

"Nilimwambia. Akasema mashine ni mashine, na mwanamume aliyempa binti yake asimletee visingizio." Akamkazia macho. "Na Jumamosi Shangazi anakuja kumtazama akitua. Mama ameshatangaza. Ndege ikianguka mbele ya Shangazi, mimi na wewe tutahama mji."

Shangazi huyu alikuwa dada wa marehemu baba mkwe, yaani wifi yake mama, na utani wao ulikuwa wa kunoa visu. Kila mmoja alimpenda mwenzake, na kila mmoja angekubali kung'olewa jino kuliko kulisema hilo.

Fundi alibeba mkoba wake wa bisibisi, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu hapa. Usisimame kama nguzo, karibia."

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, kati ya kochi na friji, maana jiko la nyumba ile lilikuwa jembamba na friji ilikuwa imehamia sebuleni zamani. Jua la alasiri lilikuwa likiingia moja kwa moja. Na juu ya kasha, pale pale kwenye matundu ya kutolea joto, palitandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua manane na pindo la mawimbi, kizito kama blanketi la mtoto mchanga.

Fundi alikiona, na palepale akaona mbele yake matatizo mawili. La kwanza, mashine inapikwa. La pili, nani atamwambia mama mkwe kwamba anayeipika ni yeye?

"Ilianza lini, mama?"

"Tangu niihamishie hapa. Kule chumbani ilikuwa haina neno. Siku nyingine inazima mara moja, siku nyingine haizimi kabisa. Lakini wifi yangu akija, haikosi. Yule ana macho mazito, yanaharibu kila yanachokitazama."

Fundi aliangalia dirisha, kisha kitambaa. Tangu ihamie hapa: jua, na kitambaa. Ilikuwa wazi kama mchana.

"Labda," alisema, akitazama ukuta, "labda mashine inapata joto."

"Basi fungua dirisha."

Akafungua dirisha. "Joto hupanda juu, mama. Huwa linatafuta njia. Pale juu."

"Elimu nzuri hiyo," alisema mama mkwe, akakinyoosha kitambaa kidogo ukingoni, kwa mapenzi. "Hiki nilikifuma zamu za usiku, nikingoja watoto wazaliwe. Hakuna ua hapa ambalo halina mtoto wake."

Fundi akatoka uani kumpigia mkewe. "Mwambie wewe akiondoe, ni mama yako."

"Mimi?" Mkewe alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mimi nilizaliwa nikakikuta. Wewe mwenzangu hata ukifukuzwa una kwenu."

Akampigia shemeji yake kule masomoni. Kitinda mimba alimuuliza maswali ya kitaalamu: inatoa maandishi yoyote kabla ya kuzima? Programu za kadi zimesasishwa? Feni zote zinazunguka? Fundi alijibu lililojibika, kisha akamnong'oneza habari ya kitambaa.

"Ameiwekea kitambaa? Kompyuta yangu?"

"Chenye maua manane."

"Shemeji, hilo ni joto. Ongea naye."

"Ongea naye wewe."

"Mimi nina mtihani," alisema kijana, akakata.

Lisilo budi hutendwa. Fundi alirudi ndani, akajikaza kisabuni, akasema huku akiitazama sakafu, "Mama, kitambaa kile ni kizuri mno kukaa pale. Kadi mbili zikifanya kazi pamoja zinatoa moto. Kinaweza kuungua."

Mama mkwe alimtazama mkwewe muda mrefu, kama anavyotazamwa mjamzito anayesema hana uchungu. Kisha akakiinua kitambaa kwa ncha za vidole, akakikunja mara nne, akaondoka nacho bila neno. Chumbani kabati lilifunguliwa na kufungwa, si kwa upole.

Fundi aliuondoa ubavu wa kioo, akasafisha vumbi kwa brashi ya rangi, akaisogeza meza kivulini. Kazi ilimpa taabu moja tu: nyaya za nyuma zilikuwa chini, na kuinama chini ya meza kwa namna ambayo hutampa mama mkwe mgongo wako wa upande wa kukalia si jambo dogo. Aliingia kinyumenyume kama kaa anayerudi shimoni, akipapasa nyaya bila kuziona, akatoka kichwa kwanza. Mama mkwe alirudi, akamwona, akageuza uso dirishani, mabega yakimtikisika kidogo.

Waliijaribu pamoja. Mama aliruka, akazunguka juu ya milima, akashuka kwenye mji mkubwa wenye maghorofa maelfu, akatua. Akaruka tena, akatua tena. Haikuzima. Fundi akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepata cheo.

Jumamosi alasiri wakakusanyika wote: mama mkwe kwenye kiti chake chenye mto, fundi na mkewe kochini, na Shangazi, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliyeingia akijipepea kwa mkoba.

"Wifi, nimekuja. Tunakwenda wapi? Niandike wosia?"

"Kaa, ufunge mkanda, ufunge na mdomo," alisema Rubani.

Ndege ikapaa vizuri. Shangazi aliuliza kama chakula kitapita. Aliuliza kwa nini mawingu yanafanana na pamba za hospitali, au wifi ameziiba alipostaafu. Mama mkwe alikuwa ameuma ulimi kwa umakini. Mji ukatokea mbele, maghorofa yakaota moja baada ya jingine, feni za kadi zote mbili zikaanza kuvuma kwa nguvu. Njia ya kutua ikaonekana, ndefu, na taa zake pande zote.

"Joto hili!" Shangazi aliinuka, akaenda kujimiminia maji.

Ndege ilikuwa imebakiza kimo cha mti kugusa ardhi. Pu! Skrini ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza. Kisha kompyuta ikajiwasha yenyewe na kupiga ule muziki wake wa furaha.

Shangazi alikuwa amesimama na glasi mkononi.

"Ndiyo tumefika?" aliuliza.

"Ni wewe!" Mama mkwe aligeuka na kiti chake. "Ni wewe, wifi! Nimesema siku zote! Nimetua hapa mara chungu nzima peke yangu. Ukiweka mguu wako tu, inazima!"

"Mimi? Nimekaa kwa adabu nimekunywa maji!"

"Na kitambaa changu kikavuliwa bure!"

Hapo mama mkwe alimtazama fundi, na fundi akatamani sakafu imfungulie. Mkewe alikuwa amejiziba uso kwa mto wa kochi, na mto ulikuwa ukitikisika.

Ajabu ni kwamba aibu ilipofika kilele, ilimwachia. Baya kuliko kumvua mama mkwe kitambaa chake bure halikuwako tena. Fundi alijikuta amesimama na kusema kwa sauti anayoitumia maofisini, "Mama, naomba kiti hicho. Tuipime polepole, kitu kimoja kimoja."

Mama mkwe alishangaa, akampisha.

Alizima mashine, akachomoa waya, akaufungua ubavu. Aliondoa kipande kidogo kilichoziunganisha kadi kama daraja, akafungua skurubu, akabonyeza kibanio, akaitoa kadi ya juu taratibu. Akaiweka juu ya gazeti, akafunga, akawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Fundi alikagua nyaya. Akakagua tena.

"Mwanangu," alisema mama mkwe kwa upole wa kutisha, "waya wa skrini si unaning'inia pale? Ulikuwa umechomekwa kwenye hiyo uliyoitoa."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa... nilikuwa naangalia kama mtaona."

"Tumeona," alisema Shangazi.

Akauchomeka kwenye kadi iliyobaki. Mama mkwe akaruka na kadi moja. Picha zilikuja kwa kukwamakwama, maghorofa yalichelewa kutokea kama wageni wa harusi, lakini ndege ilitua, Shangazi akiwa sebuleni mle mle. Fundi akabadilisha: ya chini ikatoka, ya juu ikarudi. Ndege ikatua tena.

"Kwa hiyo zote mbili nzima," alisema mkewe. "Ila zikiwa pamoja zinagombana. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Basi niache moja, mama?" fundi aliuliza.

"Mwanangu, mimi nimepokea pacha kwa mikono hii," alisema mama mkwe. "Sijawahi kumwambia mtu achague mmoja. Rudisha zote."

Akarudisha zote mbili, na daraja lake. Safari hii, taa ya dari ikiwa imeshawashwa, alimwomba mama mkwe aizungushe ndege juu ya mji wenye maghorofa bila kutua, yeye akakaa kwenye kigoda karibu na kasha, ameinamisha sikio. Feni zilivuma. Dakika zikapita. Haikuzima. Shangazi alikaa mbele ya skrini kabisa, ameitolea macho makusudi.

"Haya, naitazama. Mbona haianguki? Macho yangu leo mepesi?"

"Umeyaosha," alisema mama mkwe.

"Acha nikaongeze maji, maana nasingiziwa mpaka koo limekauka."

Akaenda kwenye friji, akafungua mlango, akasimama pale akitafuta chupa, akilalamika kwamba wifi yake anapanga friji kama kabati la dawa. Hewa baridi ikamwagika miguuni. Friji ikatoa mlio, tak, ikaanza kunguruma. Pu! Skrini ikazima.

"Umeona!" mama mkwe akapiga kelele.

"Ngoja kwanza!" Shangazi naye akapaza sauti, kidole juu. "Mnanionea! Hata taa ya dari imekonyeza! Nayo nimeitazama? Nilikuwa nimeipa mgongo!"

Fundi aliinua uso akaitazama taa. Akaitazama friji. Kisha, bila kukumbuka heshima ya upande wowote wa mwili wake, akapiga magoti na kuingia chini ya meza kichwa kwanza. Waya wa kompyuta uliingia kwenye ekstensheni ya matundu manne. Kwenye ekstensheni hiyo hiyo kulikuwa na waya mwingine mnene, mweupe, uliopita nyuma ya kochi mpaka kwenye friji.

Alianza kucheka akiwa huko huko chini. Walisikia tu kicheko kikitoka mezani.

"Amepatwa na nini?" mama mkwe aliuliza.

Alitoka na utando wa buibui kwenye nywele. "Mama, kuna ofisi moja nilikwenda mara nyingi, mashine yao ya fotokopi inazima ovyo. Kumbe karani alikuwa akichemshia maji ya chai kwenye waya ule ule. Hii ndiyo hiyo. Friji ikianza kunguruma, inavuta umeme mwingi kwa ghafla, kama mtu mwenye kiu. Kompyuta nayo ikiwa na kadi mbili, na mji una maghorofa yote hayo ya kuchora, inavuta mwingi. Waya mmoja hauwatoshi wote wawili. Kadi moja ikitoka, inavumilia. Ndiyo maana kule chumbani haikuwa na neno."

"Na mimi?" Shangazi aliuliza.

Fundi alisita. Alimtazama mkewe, ambaye hakumsaidia hata kidogo.

"Shangazi ukija, unasikia joto. Ukisikia joto, unakunywa maji ya friji. Ukiacha mlango wazi unatafuta chupa, friji inapoteza baridi, inaanza kunguruma."

Kila mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa akipima kama ameshinda au ameshindwa.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema mama mkwe.

"Ni friji yako," alisema Shangazi. "Na maji yako. Ungekuwa unawakaribisha wageni kwa chai, haya yote yasingetokea."

Fundi na mkewe waliisukuma friji mpaka ukuta wa pili, kwenye tundu la umeme la peke yake. Nyuma yake walikuta kijiko, vifungo, na bakuli la plastiki ambalo Shangazi alitamka kuwa lake, lilipotea zamani, na mama mkwe akasema yeye halijui. Fundi alimwambia mama kwamba ekstensheni yenyewe nayo imechoka, atamletea nzito zaidi. Mama akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza fundi hakuharakisha kukubaliana naye juu ya jambo lolote.

Wakaanza safari ya mwisho. Shangazi hakukaa. Alisimama mlango wa friji kama mlinzi wa benki, na ndege ilipoanza kushuka akaufungua. Akaufunga. Akaufungua. Alikunywa glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ili isisemwe kwamba hakutoa ushahidi. Friji ilinguruma, taa haikukonyeza. Maghorofa yakapita chini, feni zikavuma, mama mkwe akauma ulimi, na matairi yakagusa ardhi, yakaruka kidogo, yakagusa tena, yakatulia.

Ndege iliposimama kabisa, Shangazi akapiga makofi, glasi ingali mkononi, maji yakamwagika kifuani.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilikuwa haina kisu safari hii. "Umetua kama kipepeo. Kaka yangu angekuona!"

Mama mkwe aliushika usukani kwa mikono yote miwili ingawa ndege ilishasimama, akapepesa macho.

"Angeogopa kupanda," alisema mwishowe.

"Angeogopa sana," alikubali Shangazi, akaja kusimama nyuma ya kiti. Akakohoa. "Hivi, huu mto unatoka? Maana mimi ni mrefu kidogo kuliko wewe."

Mama mkwe aligeuka polepole. Akamtazama wifi yake juu mpaka chini. Kisha akainuka, akampa kiti.

Shangazi aliiendesha ndege mpaka mwisho wa njia, akaipandisha, akapiga kelele za furaha, akaigeuza kushoto, akaigeuza sana, maghorofa yakalala ubavu, na ndege nzima, mabawa na injini na abiria wote, ikaingia baharini kwa kishindo.

"Imezima! Fundi, imezima!" alilia Shangazi.

"Haikuzima, Shangazi," alisema fundi, akiangalia zile feni za buluu zinavyozunguka bila wasiwasi. "Inafanya kazi vizuri sana. Hapo hakuna la fundi."

Alicheka, kwa sauti, mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kucheka kabla yake, ameshikilia bega la wifi yake asianguke. Baadaye, alipokuwa akirudishia skurubu za ubavu wa kioo, mama alivuta kigoda akakaa karibu naye, akamwuliza hizo mashine za fotokopi zinafanyaje kazi, tena asimfupishie. Fundi akaanza kueleza. Nje mvua ilianza kunyesha, na hakuna aliyeizungumzia.